Folda ya ofisi imegoma: majibu ya barua zenu

Barua za wiki hii karibu zote zinalia kilio kimoja: folda ya pamoja ofisini haifunguki. Nimechagua nne.

*Shikamoo fundi. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta zetu tatu haziioni tena folda iliyo kwenye kompyuta ya mhasibu. Kila mara tunamwita kijana aje arekebishe, na kila mara tunamlipa. (Morogoro)*

Marahaba. Rauta yenu, kile kifaa kinachounganisha kompyuta zenu kwenye mtandao, ndiyo inayogawa anwani, yaani namba ya kila kompyuta kwenye mtandao huo, na ikizimika ikawaka inaweza kumpa mhasibu anwani nyingine. Jana alikuwa 192.168.1.10, leo yuko 192.168.1.14, na ninyi bado mnabisha hodi kwenye nyumba aliyohama. Hakikisheni hivi: kwenye kompyuta ya mhasibu fungueni lile dirisha jeusi la amri, andikeni ipconfig, kisha linganisheni namba hiyo na ile mnayotumia kuingilia. Zikitofautiana, ingieni kwenye mipangilio ya rauta mumwekee mhasibu anwani yake ya kudumu. Kazi hiyo hufanywa mara moja tu. Huyo kijana mwambieni aifanye mbele yenu, na neno la siri la rauta libaki ofisini. Nunueni na UPS, betri ya akiba inayoishikilia kompyuta kwa muda umeme ukikatika, kwa kompyuta hiyo, kwa sababu umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, faili linaweza kuharibika kabisa.

*Kila nikitaka kuingia kwenye folda naombwa jina na neno la siri. Naweka zile tarakimu nne ninazofungulia kompyuta kila asubuhi, zinakataliwa. (Arusha)*

Tarakimu hizo ni PIN, na PIN inafanya kazi kwenye kompyuta yako tu, haivuki mtandao. Folda inataka jina na neno la siri la akaunti iliyopo kwenye kompyuta inayoitunza. Mwombe anayeisimamia akufungulie akaunti yako mwenyewe huko, usiazime ya mwenzako.

*Folda inafunguka, mafaili yote yanafunguka, isipokuwa moja la bajeti: linasema sina ruhusa. Bosi anasema tuwape watu wote ruhusa zote, tumalize. Tufanyeje? (Dodoma)*

Dada yangu, nakuomba umzuie bosi kwanza.

Faili la mtandaoni lina milango miwili. Wa kwanza ni ruhusa za kushea folda, wa pili ni ruhusa za faili lenyewe ndani ya diski. Lazima upite yote miwili, na ulio mgumu zaidi ndio unaoamua. Wewe mlango wa kwanza umeupita, ndiyo maana mafaili mengine unayaona. Umekwama wa pili.

Sasa waulize wenzako: faili hilo lilitoka wapi? Naona kama kuna mtu alilitoa kwenye folda ya siri, pengine ya bosi mwenyewe, kwenye diski hiyo hiyo, akalikata na kulibandika. Faili likihamishwa ndani ya diski moja huja na ruhusa zake za zamani. Likinakiliwa, hiyo nakala huchukua ruhusa za folda mpya. Kwa hiyo mwambieni mwenye faili anakili upya faili hilo ndani ya folda yenu, ajaribu nakala kwanza, ndipo afute lile la awali. Hamna haja ya kugusa kitu kingine.

Na kwa nini nasema mzuie? Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ndogo iliyokuwa imefungua kila kitu kwa kila mtu. Mtu wa mapokezi alifungua kiambatisho cha barua pepe kilichofanana na ankara. Kirusi kikafunga kila faili ambalo akaunti yake iliweza kuliandika, na kwa kuwa aliweza kuandika yote, yote yakaenda: mikataba, mishahara, picha za vitambulisho vya wateja. Nakala ya akiba ilikuwa ndani ya folda hiyo hiyo. Nilikaa na mhasibu hadi usiku, tukifungua faili moja baada ya jingine, kila moja herufi zisizosomeka. Mtu wa mapokezi angekuwa na ruhusa ya folda ya mapokezi tu, hasara ingeishia hapo. Mpeni kila mtu anachohitaji kwa kazi yake, na nakala ikae kwenye diski ya nje inayochomolewa kazi ikiisha.

*Tumenunua kompyuta mpya ya Windows 11. Haiioni diski yetu ya zamani ya mtandao, ila kompyuta za zamani zinaiona. (Mwanza)*

Diski yenu huenda inazungumza SMB1, lugha ya zamani ya kushea mafaili, ambayo tangu mwishoni mwa 2017 Windows mpya huja bila kuiwasha. Mtaambiwa muiwashe. Msikubali: kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilienea kwa kupitia udhaifu wa SMB1 hiyo hiyo. Ingieni kwenye mipangilio ya diski, sasisheni programu yake, muwashe SMB2 au SMB3, matoleo mapya ya lugha hiyo. Kama mlikuwa mnaingia bila neno la siri, wekeni sasa, kwa kuwa Windows 11 Pro toleo la 24H2 haikubali tena kuingia kama mgeni. Diski isiyo na SMB2 kabisa hamisheni mafaili yake mapema, mkiwa bado na kompyuta inayoweza kuyasoma.