Faili la baiti 20

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Muheza aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimemaliza diploma ya kompyuta, nataka kusimamia kanzidata kama wewe. Nianze na kozi gani?" Nilimwitikia marahaba, nikamwahidi nitamjibu hapa kwa kirefu, maana swali hilo naletewa kila mwezi. Wengi mnaonisoma mnaitamani kazi hii. Mnauliza cheti kipi, PostgreSQL au MySQL (programu za kanzidata, yaani za kuhifadhi na kupanga data), mshahara kiasi gani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza juu ya bakapu, yaani nakala ya akiba ya data.

Mimi nilianzia Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini, kwenye ofisi ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Seva ilikuwa kompyuta moja chini ya meza, ina PostgreSQL, na ndani yake kuna hesabu za wauza samaki, mafundi cherehani na walimu waliokuwa wakiweka akiba kidogo kidogo. Niliisimika mwenyewe. Skripti ya bakapu, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, niliiandika mwenyewe pia: kila usiku saa nane programu ya pg_dump inatoa data kwenye kanzidata, ya gzip inaibana iwe ndogo, faili linakwenda kwenye diski ya nje likiwa na jina la tarehe. Mafaili yakipita siku 14 yanafutwa, ili diski isijae. Asubuhi nikifika nafungua folda, naliona faili la usiku ule, nafunga. Nilifanya hivyo miaka miwili, nikiamini kazi yangu imekamilika.

Kisha ikaja amri ya kubadilisha paswedi zote. Nikabadilisha ya kanzidata, nikasahau kwamba skripti inasoma ile ya zamani. Tangu usiku ule pg_dump ikawa inakataliwa mlangoni na haitoi kitu. Lakini gzip haiulizi inacholetewa: ikipewa utupu, inaubana utupu na kuandika faili. Faili la namna hiyo lina ukubwa wa baiti 20. Na skripti ikipitisha amri kwa bomba (alama ya | inayopeleka matokeo ya amri moja kwa nyingine), jibu linalohesabika ni la amri ya mwisho, na amri ya mwisho ilikuwa imefanikiwa. Ujumbe wa hitilafu ulikuwa unakwenda kwenye sanduku la barua ndani ya seva, ambalo sikuwahi kulifungua. Zikapita wiki tatu. Bakapu nzima ya mwisho ikafutwa na skripti yangu mwenyewe.

Masika ile umeme ulikatika na kurudi mara tatu jioni moja. Betri ya UPS, kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, ilikuwa imechoka, na nilikuwa nimeiombea nyingine kwa barua mara mbili. Asubuhi diski ya seva haikuamka. Sikuogopa. Nilichomeka diski ya nje kwenye laptopu, nikaorodhesha mafaili pamoja na ukubwa wake. 20. 20. 20. Nilishuka na kidole kwenye skrini mstari kwa mstari, mistari 14, namba ni ile ile. Mikono ilianza kunitoka jasho.

Kilichotuokoa ni nakala ya miezi minne nyuma, niliyokuwa nimeiacha kwenye laptopu siku ya kujaribu kitu kingine. Miezi minne iliyobaki tuliijaza upya kutoka vitabu vya stakabadhi, mimi na mama mmoja wa uhasibu. Yeye aliweka rula chini ya mstari, akasoma jina na kiasi, mimi nikaandika. Siku 11, mpaka usiku. Hakunilaumu hata mara moja, na mpaka leo nikipita kwake namletea machungwa.

Meneja hakuwa kama yeye. Kikaoni, mbele ya watu wote, alisema amemwamini mtu asiyejua kazi. Zile barua mbili za betri hazikutajwa na yeyote. Mkataba wangu ulipoisha Juni haukuhuishwa. Kosa la bakapu lilikuwa langu, nalikiri. Lakini neno lile bado linaniuma.

Baadaye nilisoma yaliyowapata GitLab, kampuni inayohifadhi mtandaoni kazi za waandika programu, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi wao alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Walipokimbilia bakapu za pg_dump wakakuta hazipo: programu ilikuwa toleo la 9.2 na kanzidata toleo la 9.6, ikawa inashindwa kila siku, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono, muda wa kama saa sita kabla ya ajali. Nao waliandika yote wazi, bila kumtupia mhandisi lawama. Niliposoma nilifunga laptopu nikaenda Raskazone kukaa kando ya bahari.

Sasa ushauri. Jaribuni kurejesha bakapu zenu. Kila Ijumaa nikitoka msikitini nachukua faili la usiku, nalirejesha kwenye mashine nyingine, nahesabu rikodi za majedwali matatu na kulinganisha na seva yenyewe. Kwenye skripti wekeni pipefail, ili amri yoyote ndani ya bomba ikishindwa, bomba zima lihesabike limeshindwa. Angalieni nafasi ya diski kila siku, na msifute kitu kwa mkono ndani ya pg_wal, folda ambamo PostgreSQL huandika kumbukumbu za mabadiliko ya data, hata ikijaa vipi. Lakini kubwa ni kurejesha. Narudia: rejesheni.

Mwezi huu diski ya mteja wangu wa Chumbageni, mwenye duka la dawa la jumla, ilikufa saa nne asubuhi. Saa tano kasorobo walikuwa wanaandika risiti. Mwenye duka alinipigia akasema, "Mwanangu, nilishajua leo tumefunga." Nilikuwa nimeyafanya yale yale Ijumaa nne mfululizo, mikono ilijua njia.

Ndugu zangu, acheni kukimbilia vyeti mkaacha kulinda mali za watu. Mtu ameweka shilingi zake kwako bila kukujua jina; hiyo ni amana, na amana huulizwa.

Wewe kijana wa Muheza, leo usiku fungua folda ya bakapu popote ulipo. Acha jina la faili, tazama ukubwa. Kisha lirejeshe kwenye mashine nyingine, na kesho uniandikie umehesabu rikodi ngapi.