Halloween ya Disney: watu wazima nao wavae, ila waanzie miguuni

Mtu mzima anayekwenda kwenye sherehe ya Halloween, ule usiku wa mavazi ya kuigiza na pipi, katika Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney kule Florida, aanze kupanga vazi lake kutoka miguuni. Viatu kwanza, kisha suruali au sketi, kisha mwili wa juu, kichwa mwisho kabisa. Wengi huanza na kichwa. Hununua wigi, taji na pembe, na ikifika saa tatu usiku wameketi ukingoni mwa barabara, viatu pembeni, watoto wanawavuta mikono waende kupanga foleni nyingine.

Sherehe yenyewe ni Mickey's Not-So-Scary Halloween Party, iliyoanza mwaka 1995. Hufanyika usiku wa siku maalumu kuanzia Agosti hadi Oktoba 31, saa moja usiku mpaka saa sita, na ina tiketi yake. Tiketi ya kawaida ya mchana haikuingizi. Mwenye tiketi ya sherehe huruhusiwa kuingia tangu saa kumi jioni, na kwa kuwa tiketi ni ghali, karibu kila mtu huingia saa hiyohiyo. Hesabu mwenyewe: ni saa nane za kutembea, kusimama na kupanda hiki na kile. Raba ulizokwisha kuzizoea mguuni ndizo za kuvaa. Tafuta vazi litakaloendana nazo, wala usinunue viatu vipya kwa ajili ya vazi.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka, msimu ukikaribia, ndugu na marafiki wa nyumbani tunaoishi nao huku Georgia, Marekani, huniuliza jambo lilelile: "Dada, na sisi wakubwa tunavaa, au ni mambo ya watoto?" Vaeni. Siku za kawaida, Disney hairuhusu mtu wa miaka 14 na kuendelea aingie na vazi la kuigiza, hivyo usiku huu ni nafasi mliyoilipia. Zaidi ya hapo, nimeona jinsi mtoto anavyobadilika akimwona mzazi naye amevaa. Mtoto aliyevalishwa peke yake, mama kavaa jinzi, baba kabeba mabegi, mara nyingi huanza kuona haya getini na kutaka avuliwe mabawa yake. Mtoto ambaye nyumba nzima imevaa hutembea kifua mbele. Hilo peke yake linanitosha.

Kina baba ndio wagumu. "Mimi mtu mzima, nivae manyoya?" Kwa hao nina dawa, nayo tumekuja nayo kutoka nyumbani: sare. Hakuna Mtanzania asiyejua kushona sare ya harusi, ya send-off au ya kipaimara. Baba yuleyule anayesema hawezi kuvaa vazi la kuigiza ameshavaa shati la kitenge kilekile alichovaa shemeji yake, mjomba wake na watu arobaini ukumbini, akacheza mpaka alfajiri. Mpe sare. Chagueni kitambaa kimoja, mtoto ashonewe vazi kamili, mama nusu, baba shati tu. Akishaona watu wazima wa kila taifa wamevaa mavazi ya kila aina, mwaka unaofuata atakuja kuomba mwenyewe kofia.

Sisi tulikuwa kanga, yule ndege. Kitambaa cha pamba cheusi chenye vitone vyeupe, kile cha kawaida kinachouzwa kwa yadi. Watoto walishonewa magauni mafupi na kaptula, na mabega yakatiwa tabaka mbilitatu za vipande vya nusu duara kama manyoya. Mimi nilikuwa na blauzi ya kitambaa hicho, suruali nyepesi nyeusi ya kubana na kijoho kinachoishia kiunoni kwa mbawa. Baba watoto alipata shati. Kichwani kofia laini za bluu, juu yake kipembe kidogo cha sponji kilichofunikwa kitambaa, na pembeni vindevu viwili vyekundu. Wageni wengi walituita kuku. Watoto walifurahi mno kuwaeleza kwamba hapana, huyu ni kanga, anaishi porini kwetu, na bibi anafuga.

Kijoho kuishia kiunoni hakukuwa urembo tu. Ni sharti. Watu wa miaka 14 na zaidi hawaruhusiwi kuvaa kijoho kinachoshuka chini ya kiuno, wala gauni linaloburuza au kugusa ardhi, wala kinyago cha usoni cha aina yoyote. Kofia na vilemba ni ruksa ilimradi uso uonekane. Vazi la kujizungusha mwili mzima, kama yale maboksi na mapipa watu hujitengenezea, linakatazwa kwa upole, na ukija nalo utakaguliwa zaidi. Watoto wa miaka 13 kushuka chini wana nafuu kidogo: kinyago kwao kinaruhusiwa kama hakifuniki uso wote na macho yanaonekana. Kwa wote, hakuna silaha inayofanana na ya kweli, hakuna kitu chenye ncha. Upanga wa plastiki wa mtoto unaoonekana wazi kuwa ni mchezo hauna shida.

Haya msiyachukulie kama maandishi ya ukutani. Tulipokuwa kwenye ukaguzi, mbele yetu alisimama mama mmoja kavaa gauni refu la kifalme, zuri kweli, pindo limeshaanza kuchafuka kwa kuburuzwa kutoka maegesho. Mlinzi alimweleza kwa heshima kwamba gauni lisipopandishwa hawezi kumpitisha. Yule mama alikaribia kulia, na bintiye aliyevaa gauni dogo kama lake akawa anamwangalia. Nikatoa pini zangu. Tulikunja pindo mpaka juu kidogo ya kifundo cha mguu, tukabana kila baada ya kiganja kwa upande wa ndani, na kwa kuwa sketi ilikuwa ya tabaka nyingi, mikunjo ikajificha. Akapita. Kwa hiyo beba pini, na si tatu nne. Beba kopo zima, pamoja na sindano yenye uzi mweusi na plasta za malengelenge.

Joto nalo lina kauli yake. Mwezi Agosti na Septemba mchana wa Orlando, mji ulio karibu na bustani hiyo, huzidi nyuzi 30, hewa imejaa unyevu, na mvua ya radi ya alasiri ni jambo la kawaida. Aliyekulia Dar au Mombasa anaijua hali hiyo, ile ya blauzi kugandia mgongoni. Mavazi mengi ya dukani yanashonwa kwa poliesta isiyopitisha hewa, na yale ya manyoya bandia ni mateso. Shona kwa pamba. Fua kitambaa mara mbili kabla ya kukata, maana cheusi kipya kikikutana na jasho hutoa rangi shingoni na kwapani. Rangi ya usoni paka kidogo sana, mashavuni au kwenye paji, mbali na macho. Mwishoni mwa Oktoba usiku unaweza kupoa, hapo fulana ya mikono mirefu ndani ya vazi itakusaidia.

Sasa choo. Hakuna anayetaka kulizungumza, nami nalisema kwa sababu nimewaona wanawake wakihangaika. Ovaroli la kipande kimoja lenye zipu mgongoni linamaanisha kwamba kila ukienda haja unavua vazi lote hadi magotini, ndani ya chumba chembamba, mtoto mdogo mkononi, kofia inadondoka. Vaa vipande viwili. Lazima liwe ovaroli? Basi zipu iwe mbele. Na kama una mtoto wa kunyonya, panga upande wa kufungulia kabla fundi hajashika mkasi.

Mwambie fundi aweke mifuko pia. Simu, funguo, kadi, chupa ya maji, na bado unashika mkono wa mtoto huku mkono mwingine umebeba mfuko wa pipi. Pipi hugawiwa kwenye vituo vilivyotapakaa bustanini, watu wazima nao hupewa, na mfuko wa kuziwekea utaupata hukohuko. Mifuko miwili mikubwa yenye zipu ndani ya sketi au suruali imeniokoa kuliko mkoba wowote.

Kuna na suala la kukaa chini. Gwaride la usiku ule, ambalo kwangu ndilo kiini cha sherehe, husubiriwa watu wameketi ukingoni mwa barabara. Kwanza hupita mpanda farasi asiye na kichwa, amebeba boga linalowaka, peke yake, kwato zinalia. Baadaye huja wachimba makaburi na makoleo yao, wakiyasugua chini mpaka cheche zinaruka. Utataka kuwa mbele, na utataka kuwa umekaa na mtoto mapajani. Sketi ngumu yenye waya, mkia uliojazwa sponji, mabawa makubwa ya plastiki, vyote hivyo havikai, na vinamziba mtu aliye nyuma yako. Huwa kuna gwaride mbili kwa usiku. Ya pili ina nafasi zaidi, kama watoto wako wanaweza kukesha.

Kwenye treni za kasi kama Space Mountain na Big Thunder Mountain, chochote kilichokaa kichwani kitaruka. Sisi kofia zilikuwa na kamba ya lastiki ya kushikiza kwenye kifungo cha bega, tukifika tunazivua na kuzikalia. Na kama vazi lako ni jeusi, hakikisha lina kitu cheupe au cha kung'aa. Bustani ile ina kona zenye giza, na watu ni wengi. Vitone vyeupe vilinisaidia kumwona mwanangu kutoka mbali kuliko ningemwona na vazi la kijani au la bluu.

Nina msimamo mmoja ambao baadhi ya rafiki zangu hawaupendi: mtu mzima asivae damu pale. Jina la sherehe lenyewe limesema, si ya kutisha sana. Majeraha bandia, macho yaliyotoka, visu shingoni, hayo yana mahali pake. Tena hukohuko Orlando, Universal, bustani nyingine ya burudani, wana Halloween Horror Nights, sherehe ya vitisho hasa isiyoshauriwa kwa watoto walio chini ya miaka 13, na kule wageni hawaruhusiwi kabisa kuja na mavazi ya kuigiza wala vinyago. Watu huchanganya hizi mbili. Kwa Disney, fikiria mtoto wa miaka mitatu kwenye kigari chake. Yeye yupo usawa wa kiuno chako, hivyo kilichochorwa tumboni mwako ndicho kinachomkabili machoni. Kanuni zao nazo hukataza mavazi ya kuudhi au yenye ukatili, lakini hata kama zisingekataza, mkubwa mwenye huruma hawezi kumharibia mtoto wa mwenzie usingizi.

Na ukivaa ukafanana mno na mhusika wa kweli wa Disney, watoto watakufuata. Wageni hawaruhusiwi kusimama kupigwa picha na wageni wengine kama wahusika, wala kuwasainia madaftari. Mtoto akikujia, chutama, msifie vazi lake, mwambie taratibu kwamba hata wewe umekuja kutafuta pipi. Hucheka na kuondoka ameridhika.

Najua ziko nyumba zetu ambazo Halloween haipiti mlangoni, kwa imani ya Kikristo au ya Kiislamu, na kila nyumba ina haki yake. Mama mkwe wangu alikuwa ametutembelea kutoka Moshi, na nilimuuliza mapema, kabla ya kununua chochote: "Mama, sisi tutavaa kanga. Wewe ungependa tukushonee nini, au tukuache na nguo zako?" Akafikiri. "Mwanangu, mimi mambo ya mashetani siyataki. Ila kanga ni ndege wa Mungu. Nipe hiyo kofia, na gauni langu nitalivaa." Hivyo ndivyo alivyokwenda: gauni lake la kila Jumapili, raba nyeupe, kofia ya bluu yenye kipembe. Muulizeni mzee mapema na mchukue jibu lake kama lilivyo. Kumletea vazi tayari siku ya safari ni kumweka pabaya mbele ya wajukuu. Vilevile dada anayevaa hijabu hana haja ya kuiacha, kwa kuwa uso unaonekana. Aichague tu iendane na rangi za wenzake.

Wiki moja kabla ya safari, kila mtu avae vazi lake lote nyumbani, na viatu vyake, atembee nalo mtaani saa nzima. Akae sakafuni, ainuke, apande ngazi, anyanyue mikono, aende chooni. Kinachokwaruza sasa kitachubua baadaye, na fundi bado yupo. Wiki hiyohiyo someni upya kanuni za mavazi kwenye tovuti ya Disney, kwa maana hurekebishwa. Tiketi zenyewe nunueni mapema zaidi: usiku wa katikati ya wiki mwezi Agosti na Septemba kwa kawaida huwa nafuu kuliko ule wa Oktoba 31, kila mwenye miaka mitatu na kuendelea hulipiwa, na usiku mwingine tiketi huisha kabisa kabla siku yenyewe haijafika.