Mteja akisema picha haifanani

Pole sana, mdogo wangu. Umechora sura ya marehemu baba yake mteja kwa rangi za mafuta, ukitegemea picha moja tu ya pasipoti, na sasa anasema haifanani na halipi.

Usiifute. Muombe picha nyingine, hasa iliyopigwa karibu na dirisha. Ile ya pasipoti mwanga humpiga mtu usoni moja kwa moja, vivuli vya pua na mashavu vikapotea. Kisha itazame kazi yako kwenye kioo. Kosa litajitokeza, mara nyingi kwenye pembe za mdomo au nafasi kati ya macho. Rekebisha hapo tu.

Kuanzia sasa chukua nusu ya malipo mapema, na mteja aukubali mchoro wa mkaa kabla hujagusa rangi. Andikianeni makubaliano. Huyu akizidi kugoma, anzia kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Pesa ikiwa kubwa, muone wakili.

Vanishi, ile ya kupaka juu kulinda picha, isubiri kama miezi 6, rangi ya mafuta hukauka polepole. Na tafadhali, matambara yenye mafuta ya kitani, yale ya kuchanganyia rangi, usiyarundike ndani, huweza kuwaka moto yenyewe. Yaanike nje, moja moja.