Kabla hujaandika "unsubscribe" kwenye dev@, soma hapa

Wadogo zangu, nimevumilia wiki nzima. Mmoja wenu kazidiwa na barua pepe, akatuma "unsubscribe", yaani "nitoeni", kwa dev@, orodha nzima ya barua pepe ya watengenezaji wa programu. Wakubwa wakamkanya, tena kwa kujibu wote, na wageni wengine walioona njia imefunguliwa nao wakatuma ya kwao. Kwa hiyo tuanze.

1. Kwenye orodha za Apache, taasisi ya programu huria, kujitoa unaandika kwa dev-unsubscribe@, kisha unajibu barua ya uthibitisho. Tuma kutoka anwani ileile uliyojiandikishia, la sivyo utaomba mpaka uchoke.

2. Chuja barua kwa List-Id, alama iliyofichwa ndani ya barua inayotaja orodha iliyoileta. Ipo kwenye RFC 2919, moja ya hati za viwango vya intaneti, tangu 2001, na Gmail inaielewa ukiandika list: kwenye filta. Anayechuja kwa kichwa cha habari cha barua (Subject) atajuta siku mtu akikibadilisha katikati ya mjadala.

3. Hii ndiyo yenye kidonda. Taarifa za GitHub, tovuti ya kutunzia msimbo, zote hutoka notifications@github.com, nami nikajiona mjanja: chochote cha anwani ile kiruke inboksi, kipewe lebo, kihesabiwe kimesomwa. Inboksi ikawa nyeupe, nikawa natamba nayo ofisini. Kumbe kuna kijana kaleta PR yake ya kwanza (pull request, ombi la kuingiza mabadiliko ya msimbo), karekebisha hitilafu ya tarehe ambayo sisi wenyewe tulikuwa tunaikwepa, na kiongozi wa mradi kanipa mimi riviu, niikague. Kijana akanishukuru mapema. Baadaye akauliza kama kuna mahali amekosea. Baadaye tena akaomba radhi kwa usumbufu. Yeye ndiye aombe radhi! Mwishowe akaifunga PR yake mwenyewe, kimya. Niliyakuta yote kwa pamoja, nikitafuta kitu kingine kabisa ndani ya lebo ile. Nikamwandikia, hakurudi, na hitilafu ile tuliishi nayo matoleo kadhaa. Tena nilikuwa nimeambiwa waziwazi: mstari wa Cc wa barua ile ulikuwa na review_requested@noreply.github.com. Ukitajwa kwa jina inakuwa mention@, uzi ukiwa wako ni author@. Hizo ziacheni inboksi, zilizobaki zipelekeni mnakotaka. Ila Gmail haina foleni ya filta, zote zinafanya kazi kwa pamoja. Anwani hizo zitoe ndani ya filta ileile inayorukisha inboksi, usidhani filta ya pili itaziokoa. Wenye Sieve, lugha ya kuandikia filta za barua, mnayo "stop" ya kuzuia filta zinazofuata, shukuruni.

4. Msijiunge na LKML, orodha ya watengenezaji wa kerneli ya Linux, kwa sifa. Siku yenye shughuli hupita barua zaidi ya elfu moja, na hakuna anayezisoma zote. Ukituma kiraka (patch, marekebisho ya msimbo), watakaokujibu watakuweka kwenye Cc. Mengine yapo kwenye kumbukumbu za lore.kernel.org. Mwenzetu mmoja alijiunga kwa anwani iliyokuwa kwenye simu yake. Simu ikalia usiku kucha, na asubuhi mkewe akataka kujua huyo anayemtafuta hivyo ni nani.

5. Taarifa za Jira, programu ya kufuatilia hitilafu na kazi, zikifurika dev@, pendekezeni zihamishiwe orodha ya issues@. Kwa adabu.

6. Likizo: jibu la kiotomatiki lisiguse orodha. Kuna aliyekwenda kwao Krismasi, na kila aliyeandika dev@ akaarifiwa kuwa bwana mkubwa yupo kijijini, mtandao ni wa shida, atarudi tarehe 6. Wakati huo toleo jipya la programu lilikuwa linapigiwa kura kwenye dev@, kwa hiyo kila +1, yaani kura ya ndiyo, ilijibiwa na salamu za kijijini. Hadi leo tukikutana naye tunamuuliza mtandao wa kwao umetengemaa.