Watoto na jioni ya Halloween: maswali na majibu

Tarehe 31 Oktoba watoto wa Marekani huvaa mavazi ya vituko na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Wazazi waliohamia huko kutoka Afrika Mashariki na Kongo, ambao wengi wao hawakukulia katika desturi hii, wametuletea maswali yafuatayo.

Nimesikia kwamba kuna watu hutia sumu au nyembe ndani ya pipi. Je, nimzuie mwanangu asitoke? (Mama wa watoto wawili, Houston)

La, mama, usimzuie kwa sababu hiyo. Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amekusanya taarifa za aina hii kuanzia mwaka 1958, na hajapata tukio hata moja lililothibitishwa la mtoto kuuawa au kuumizwa vibaya kwa pipi aliyopewa mlangoni na mtu asiyemjua. Kisa kilichoieneza sana hofu hii kilitokea huko huko Texas mwaka 1974, pale Ronald O'Bryan alipomuua mwanawe wa kumzaa kwa sianidi aliyoitia katika pipi ya unga, akitaka kulipwa fedha za bima. Hata hivyo, kagua mfuko mtoto arudipo na utupe kila kilichofunguka au kisicho na karatasi ya kiwandani. Jihadhari pia na jeli zilizotiwa bangi, kwani hufanana mno na pipi za kawaida. Ukishuku kwamba mtoto amekula, piga simu ya bure ya kituo cha sumu, 1-800-222-1222, na akizimia au kushindwa kupumua piga 911.

Mwanangu wa miaka saba anataka kinyago cha zimwi na joho jeusi refu. Kuna ubaya gani? (Baba, Columbus, Ohio)

Hapa ndipo penye hatari yenyewe, nayo ni magari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliopitia takwimu za Marekani za miaka 42, ulionyesha kwamba jioni ya Halloween hatari ya mwenda kwa miguu kuuawa barabarani huzidi kwa asilimia 43 ile ya jioni za wiki moja kabla na wiki moja baada. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 8 hatari hiyo ilikuwa mara 10. Saa mbaya zaidi ni mnamo saa kumi na mbili, giza linapoingia huku watu wakirudi kutoka kazini.

Fikiria inavyotokea: mtoto ameona kibaraza chenye taa upande wa pili, anachomoka katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa, kinyago kimemziba macho pembeni, na dereva haoni ila kitu cheusi gizani. Kwa hiyo mpake rangi usoni badala ya kumvika kinyago, ukiijaribu kwanza mkononi siku moja kabla. Lipunguze joho liishie juu ya vifundo vya miguu, ulibandike utepe unaong'aa mgongoni na kifuani, na umpe tochi. Malizeni nyumba zote za upande mmoja, kisha mvukie kwenye kona. Wazazi mliokulia Kenya, Tanzania au Uganda mna jambo moja zaidi: sisi tumezoea kutazama kulia kwanza, lakini Marekani gari la karibu hutokea kushoto, na mtoto huiga shingo ya mzazi.

Mwelekeze pia apite mbali na maboga yenye mishumaa ngazini, maana mikono mipana ya joho hushika moto upesi.

Binti yangu ana mzio wa karanga. (Mama, Minneapolis)

Tafuteni nyumba zilizoweka boga la rangi ya bluu inayoelekea kijani. Mpango huo ulianzia Tennessee mwaka 2012 na kuenea nchi nzima kuanzia 2014. Boga hilo huashiria kwamba nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula, kama penseli au vibandiko. Asile chochote njiani, kwa kuwa pipi ndogondogo mara nyingi hazina orodha ya viungo, na wakati mwingine viungo vyake hutofautiana na vya zile kubwa. Sindano yake ya epinefrini, dawa ya dharura ya mzio mkali, muwe nayo mkononi, si garini.

Aende bila mtu mzima akiwa na umri gani?

Ushauri wa kawaida ni kuanzia miaka 12, tena pamoja na wenzake, kwa njia mliyokubaliana.

Kwa imani yetu hatushiriki. Tufanye nini wakija?

Zimeni taa ya kibarazani. Watoto wengi hufundishwa kuipita nyumba yenye giza. Lakini ukiendesha gari jioni hiyo, nenda polepole kuliko kibao kinavyoruhusu, na kabla ya kurudi nyuma kutoka uani shuka kwanza utazame nyuma ya gari.