Kuhusu kufungwa kila siku kwenye sataranji

Assalaam alaykum. Umeuliza kama uache sataranji. Umesema umecheza kwenye simu miezi minane, pointi zimeganda kwenye 900, na juzi umefungwa mechi tisa mfululizo mpaka ukaanza kujiona huna akili. Nimelisoma swali lako mara mbili, maana hapo ulipo nami nimepita, na nilipita peke yangu.

Nianze na hilo la akili. Namba iliyo pembeni ya jina lako haipimi akili. Hesabu yake aliibuni Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani aliyezaliwa Hungaria, na shirikisho la dunia la mchezo huu, FIDE, likaikubali mwaka 1970. Za kwenye simu zimejengwa juu ya wazo hilo hilo. Kazi yake ni kubashiri tu: wawili wenye namba sawa wanatarajiwa kugawana nusu kwa nusu, na aliyekuzidi pointi 200 anatarajiwa kuchukua kama robo tatu ya alama zote za mechi mtakazocheza. Sasa tizama: simu kila mara inakutafutia mtu wa namba yako. Ukijifunza ukapanda, na wapinzani wako wanapanda nawe. Kwa hiyo leo utafungwa karibu nusu ya mechi zako, na mwakani ukiwa umeshakuwa mchezaji mwengine kabisa, utafungwa nusu vile vile. Hili hakuna aliyeniambia, na ningelijua mapema nisingepoteza usingizi kiasi kile. Tena namba zenyewe hazifanani kutoka programu moja hadi nyengine. Lichess humwanzishia kila mgeni 1500, kwengine unaanza chini zaidi, na mtu ni yule yule.

Usiku wangu mbaya ulikuwa mwezi wa Shaaban mwaka juzi. Nimerudi msikitini baada ya Isha, nikasema nicheze mechi moja ya dakika tatu nilale. Nikafungwa kwa saa, muda wangu umekwisha, nami nina kete ya ngome ya ziada. Zimeondoka pointi nane. Nikataka kuzirejesha hizo nane, zikaondoka nyengine nane. Katikati intaneti ikakatika, mechi ikahesabiwa nimeshindwa. Mmoja akanitukana kwa lugha nisiyoijua, lakini tusi halihitaji kamusi. Nilipoisikia adhana ya Alfajiri nilikuwa nimepoteza zaidi ya pointi mia, na mpaka leo ukiniuliza mechi moja tu ya usiku ule ilikwendaje, sikumbuki. Hilo ndilo lililoniuma zaidi kuliko pointi.

Kwa sababu mechi nilizofungwa na ami yangu nazikumbuka.

Ami alirudi kutoka Muscat na ubao wa mbao pamoja na kete zake ndani ya mfuko wa kitambaa, akatufundisha kwa majina ya kule. Malkia kwake ni waziri, askofu ni fili, yaani tembo, na ukimtishia mfalme unasema kishi. Hayo ndiyo majina ya zamani: mchezo ulipotoka India kupita Uajemi na kwa Waarabu, huyu anayeitwa malkia alikuwa waziri wa mfalme, hatua zake moja moja kwa mshazari. Kufanywa malkia mwenye mbio zote zile ni jambo la Ulaya, mwishoni mwa karne ya 15. Ndiyo maana hata humu utaniona naandika waziri na tembo.

Desemba 2009 waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka bara uliharibika, Unguja tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Waliokuwepo wanajua. Friji zimekuwa makabati, maji ya bomba hayapandi, na usiku hakuna televisheni. Barzani kwetu likawekwa kandili, na mimi na ami tukawa tunacheza mechi moja kwa usiku. Moja tu. Alikuwa na sharti: kabla hujagusa kete yako, sema kwa sauti kete aliyoisogeza yeye sasa inatishia nini. Nikisema vibaya hanisahihishi, anaila kete yangu na kunimiminia kahawa. Mechi ikisha, anazirudisha kete mpaka pale nilipoharibu, ananiuliza, "Hapa ulikuwa unatizama nini?" Nilifungwa takriban miezi mitatu mizima na sikuwahi kufikiria kuacha. Mtu wa kwenye simu akishakufunga anatoweka, na wewe unabaki na namba nyekundu.

Ndiyo maana ushauri wangu ni usiache mchezo, acha namna unayoucheza. Dakika tatu na dakika tano ziweke kando kabisa kwa sasa. Cheza dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua, ukifungwa mara mbili funga simu, na lile sharti la ami litumie hata ukiwa peke yako, tamka kwa mdomo. Kisha nunua daftari. Mimi niliandika mechi zangu 40 nilizofungwa, kila moja mstari mmoja wa sababu, kabla ya kuiuliza kompyuta. Katika 31 sababu ilikuwa ile ile: nimeacha kete bila mlinzi, au sikuona kwamba yake inaitizama yangu. Nami wakati ule nilikuwa nakesha nikihifadhi video za namna ya kuanza mechi, hatua kumi na mbili kwa moyo, wakati mpinzani wa 900 anatoka kwenye njia hiyo hatua ya tatu.

Umesema pia kuna wanaokufunga kwa hatua nne. Hao wanalenga nyumba moja, yaani mraba mmoja wa ubao, ya yule askari aliye mbele ya tembo wa upande wa mfalme wako, kwa sababu mwanzoni halindwi na mtu isipokuwa mfalme mwenyewe. Waziri wake akikimbilia pembeni mapema na tembo wake akapanga mstari na nyumba hiyo, usibabaike: toa farasi wa upande wa waziri amlinde askari wako wa kati, kisha msogeze hatua moja askari aliye mbele ya farasi wa upande wa mfalme. Waziri wake atalazimika kuondoka. Akirudi kulenga pale pale, toa farasi wa pili azibe. Hapo wewe umeshatoa kete mbili, yeye amekuwa akimtembeza waziri.

Wadanganyifu wapo. Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia, alifungwa na kompyuta ya Deep Blue mwaka 1997, na leo programu ya bure ndani ya simu ina nguvu kuliko bingwa yeyote, kwa hiyo mtu akitaka kuiba ataiba. Mripoti, mzuie, usimfikirie tena.

Kubwa zaidi ni kupata mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Najua utasema barza zetu ni dhumna, karata na bao tu. Basi mfundishe mtu wa bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, sataranji ina kete 32 na nyumba 64, na aliyezoea kuifuata kete kichwani mpaka mahali itakapolala hapati tabu kuona hatua tatu mbele. Mzee mmoja wa barza yetu, fundi wa bao wa miaka mingi, nilimwonyesha kete zinavyokwenda mwezi wa Rajabu. Kabla ya Idi alikuwa ananifunga. Na hakuna aliyemwambia namba yake ni ngapi.

Ami alifariki 2017, ubao ninao. Tunakaa Kikwajuni baada ya Laasiri, Jumamosi na Jumapili. Ukiwa Mjini njoo, na uje na hizo mechi zako tisa ulizofungwa, zote simu imezihifadhi. Farasi mmoja mweusi amepotea siku nyingi, tunaweka komwe mahali pake, utamzoea.