Damu inanimaliza kila mwezi, hizi tembe ziko salama?

SWALI: Sista, habari ya kazi. Mimi niko na miaka 34, watoto wawili, nauza nguo za mtumba Gikomba. Karibu mwaka mzima sasa siku zangu zikifika, ya pili na ya tatu navaa pedi mbili pamoja na bado naloa, nabadilisha kila saa, mabonge yanatoka, kwa matatu nasimama tu juu naogopa kuchafua kiti. Nikipanda ngazi za ploti moyo unapiga mbio. Jirani alinipeleka duka la dawa wakaniuzia tembe zinaitwa traneksamiki asidi na kweli damu imepungua, lakini mama mkwe anasema zinakausha kizazi na damu chafu inabaki ndani. Niendelee ama niache?
Mama wawili, Kayole

JIBU: Pole sana mama wawili. Mwaka mzima! Ukiona unabadilisha pedi kila saa, ama siku zinapita 7, ama mabonge ni makubwa kushinda ile koini ya shilingi 20, hiyo si hedhi ya kuvumilia, hata kama mamako na nyanyako walivumilia.

Sasa hiyo ya kizazi kukauka. Mwili ukigandisha damu mahali inavuja, kuna kitu kingine ndani ya damu kazi yake ni kuyeyusha lile ganda, na kwa wanawake wengine hedhi ikifika hiyo kuyeyusha inakimbia sana, basi damu inamwagika tu. Hii dawa inazuia ganda lisiyeyuke haraka, basi. Si homoni, haizuii mimba, haiharibu uzazi. Na hakuna damu chafu inabaki, damu ya hedhi ni damu yako tu pamoja na ngozi laini ya ndani ya kizazi, ile haijatoka iko kwa mishipa yako inakufanyia kazi. Mwambie mama mkwe pole pole, najua ana nia nzuri. Tena aliyeigundua ni mama kama wewe, Utako Okamoto wa Japani na mume wake Shosuke, miaka ya sitini, na alikuwa akienda maabara na mtoto mgongoni.

Zako nadhani ni za miligramu 500. Kawaida mtu mzima anameza mbili, mara tatu kwa siku, zile siku damu ni nzito peke yake, na zikifika siku 4 unasimama. Usianze kabla damu haijaanza, na usimeze katikati ya mwezi ati unajikinga, haisaidii. Kinachonisumbua ni kwamba uliuziwa na hakuna mtu alikuuliza maswali. Kama umewahi kuganda damu kwa mguu ama mapafu, umewahi kupata kiharusi, una kifafa ama shida ya figo, ama unatumia tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni, usimeze tena kabla daktari hajakuona. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, ama kifua kikubane ghafla, ama macho yaanze kuona vibaya, wacha dawa uende hospitali saa hiyo hiyo.

Ibuprofeni pia hupunguza damu kiasi na maumivu, ila ukiwa na vidonda vya tumbo iache. Aspirini usiguse, inazidisha.

Lakini tembe haikuambii damu inatoka kwa nini. Inaweza kuwa fibroidi, na sisi wanawake weusi tunazipata sana, inaweza kuwa koili ya kopa kama unayo, tezi ya shingo, ama mimba imeharibika bila kujua, ndio maana lazima upimwe mimba hata kama una uhakika. Kama tangu usichana ukitolewa jino unavuja siku nzima, sema hiyo pia. Omba skani ya kizazi na upimwe kiwango cha damu, kwa mama asiye na mimba ikiwa chini ya 12 umepungukiwa, na hiyo mbio ya moyo kwa ngazi inanifanya niogope yako iko chini. Managu, ndengu na maini kula, ila haziwezi kujaza shimo la mwaka mzima, utahitaji tembe za madini ya chuma, na usizimeze na chai tafadhali, chai inazuia, tumia maji na chungwa. Choo kikiwa cheusi usishtuke.

Ukichoka na tembe uliza koili ya homoni, hiyo hupunguza damu kushinda dawa nyingi.

SWALI: Mke wangu alijifungua juzi akavuja sana, wakamdunga sindano ya hiyo hiyo traneksamiki. Si hiyo ni ya hedhi?
Baba Junior, Umoja

JIBU: Baba Junior, walifanya vizuri. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa akina mama zaidi ya 20,000 katika nchi 21, Kenya ikiwemo, na ulionyesha mama anayevuja baada ya kujifungua akipewa gramu 1 mapema, ndani ya saa 3, hatari ya kufa kwa kuvuja inapungua. Ikipita hizo saa 3 haisaidii tena. Inaongezwa juu ya dawa ya kukaza kizazi, si badala yake. Kwa hivyo akianza kuvuja tena mkiwa nyumbani, pedi ikijaa ndani ya saa moja ama aanze kusikia kizunguzungu, usikimbie kununua tembe dukani, tafuta gari umrudishe hospitali, hata kama ni saa nane usiku.